Bwana Shamba na Tabia za Pikipiki Yake

Pikipiki ya Bwana Shamba ilikuwa haiwaki mpaka kwanza iinamishwe. Alikuwa akifungua koki ya mafuta, anashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, anailaza upande wa kushoto polepole mpaka harufu ya petroli itoke kwenye kabureta, kisha anaisimamisha na kuiambia, "Haya, umekunywa." Ndipo anavuta choki, anakanyaga kiki kidogo kuitafuta pumzi, anatulia, halafu anaikanyaga kwa nguvu. Ikikataa hakuikasirikia. Alisubiri kama mtu aliyebisha hodi akijua wenyewe wamo ndani, halafu akaanza upya. Ilipowaka, moshi wa buluu ulijaa uani kwetu, na mimi nilikimbilia kamba kuanua nguo.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, kibanda changu kipo Chang'ombe hapa Dodoma, na kwa miaka mingi ukuta wangu na wa Bwana Shamba ulikuwa mmoja. Sasa amehamia moja kwa moja Mlali, huko Kongwa, alikokuwa na shamba. Nyumba yake wamepanga vijana wa chuo, na pikipiki yao inawaka kwa kubonyeza kitufe. Nguo zangu siku hizi hazinuki moshi. Nilidhani ningemshukuru Mungu kwa hilo kuliko ninavyomshukuru.

Mtaa mzima tulimwita Bwana Shamba, ingawa kazi hiyo alikuwa amestaafu kabla mimi sijahamia. Pikipiki ilitoka kazini pamoja naye. Walipoletewa mpya, ile kuukuu ikawa haina wa kuitaka, naye akasema hawezi kumwacha mwenzake ofisini na watu wasiojua anakunywaje. Wakulima aliowahudumia walimtania sana kuhusu jambo hilo. Alikuwa akiwahubiria waache mbegu za mababu, wapande mbegu bora, na mzee mmoja wa Mlali akamsimamisha mkutanoni: "Bwana Shamba, sisi tuache mbegu za babu, mbona wewe mwenyewe umempanda babu?" Alipenda kuisimulia hadithi hiyo, na kila mara alicheka kabla hajaimaliza.

Alikuwa na kipimo kimoja cha mambo yote ya dunia. Kitu kikienda kombo alikiinamia, akakisikiliza, kisha akatoa hukumu: hii ni tabia, au huu ni ugonjwa. Tabia unaishi nayo. Ugonjwa unautibu leo, kabla hujanywa chai.

Na pikipiki ile ilikuwa na tabia, jamani. Ilivuja oili, kwa hiyo chini yake palikaa kopo la samaki, na nikimwambia inavuja alinijibu, "Ikivuja maana yake ndani imo. Siku ikikauka ndipo uniulize." Indiketa ya kushoto ilikubali tu akikanyaga breki. Gia ya pili ilitaka iombwe. Na ukizima swichi injini haikuzimika, iliendelea kunguruma kana kwamba hukusema kitu. Ilibidi atie gia, akanyage breki, aachie klachi, ndipo ijikwae na kunyamaza. Fundi wa pale kwenye kijiwe cha bodaboda alijitolea kuirekebisha swichi hiyo. Bwana Shamba akakataa. "Ukimrekebisha mzee tabia zote," alisema, "unabaki na mtu usiyemjua."

Honi ndiyo ilimpa heshima asiyoistahili. Waya wake ulikuwa umelegea, basi kila akipita kwenye makorongo ya barabara ya vumbi ililia yenyewe, pi, pi, pi. Wafugaji wa njia ya Mlali walidhani anawasalimia. Siku moja alikwenda kwenye mji wa mzee mmoja wa Kigogo kutafuta mbolea ya samadi, akiwa hamjui, naye akapokewa kwa mbukwa nyingi, ndiyo salamu ya Wagogo, akawekewa kigoda, akaletewa ugali wa uwele na mlenda na maziwa ya kugandisha. "Wewe ndiye mtu mwenye adabu," mzee yule alimwambia. "Wengine wanatupita kama mawe. Wewe unatusalimia na ng'ombe wetu." Bwana Shamba hakumsahihisha. Alirudi na samadi gunia tele, na tangu siku hiyo akipita pale, barabara ikiwa laini, alibonyeza honi kwa kidole chake mwenyewe ili asionekane ameanza kuringa.

Msidhani alikuwa mtu laini. Alikuwa mzee wa kanisa asiyeweza kukaa na mtu nusu saa bila kubishana. Aliwachukia mbuzi wote bila ubaguzi. Kazi yake yote ilikuwa kuwaambia watu wa Dodoma walime mtama, maana mvua zetu ni za kubahatisha, na yeye mwenyewe kila mwaka alipanda mahindi, kila mwaka yakamkaukia, na ukimuuliza alisema mtama anaujua tayari. Alihimiza watu wawahi ibada, na siku moja mchungaji yuko katikati ya mahubiri, matone ya kwanza yalipogonga bati, alinyanyuka kutoka kiti cha mbele akatoka mbio kwa sababu kiti cha pikipiki hakikuwa kimefunikwa. Mchungaji alinyamaza mpaka aliporudi. Kanisa zima lilimtazama akiketi, naye akasema kwa sauti ya kawaida, "Endelea tu, baba."

Ila mkono wake ulikuwa wazi kwangu tangu mwanzo. Nilipofiwa na mume wangu nikabaki na cherehani na binti mdogo, ni yeye aliyenionyesha kipande cha ardhi jirani na shamba lake Mlali, akanifundisha kulima karanga, akanibeba nyuma ya babu huyo kila msimu kwenda na kurudi. Baba yangu mzazi alikuwa amekufa zamani. Sikuwahi kumwambia Bwana Shamba kwamba nilimweka mahali pale, lakini ndipo alipokuwa.

Na chombo chake cha kazi kilikuwa sikio. Akitaka kujua hali ya injini alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye chuma na mpini sikioni, akafumba macho. Shambani alifanya vilevile. Aling'oa shina, akachuma karanga moja, akaitikisa karibu na sikio. Ikicheza ndani ya ganda, imekauka, vuna. Isipocheza, iache. Alizunguka shamba lote hivyo, akitikisa na kusikiliza, na watu walingoja neno lake ndipo wachukue majembe. Hata cherehani yangu aliitibu kupitia ukutani. Nikiwa katikati ya kushona sare za shule nilisikia ukuta ukigongwa na sauti yake: "Mama Neema! Inapiga chuma hiyo. Tia mafuta."

Alikuwa na desturi moja zaidi, na hiyo naomba muikumbuke. Upepo wetu mnaujua, hasa Julai na Agosti, na njia ya Mlali ukishaacha lami ni vumbi tupu. Kofia yake ngumu ilikuwa ya zamani, haina kioo. Kabla ya kuondoka alichukua pamba, akaichovya kwenye mafuta ya alizeti, akaisokota, akajaza masikio. "Vumbi likiingia sikioni, Bwana Shamba amekwisha," alisema. Aliporudi alichomoa kilichotoka. Sikuwahi kufikiri kuhusu kisichotoka.

Mambo yalianza kubadilika kidogo kidogo. Kwanza alianza kuisifu pikipiki. "Umeona siku hizi ilivyotulia?" aliniuliza tukiwa njiani kurudi, na mimi nyuma yake meno yananigongana kwa kelele na mtikisiko. "Imezeeka vizuri. Haina makuu." Nilidhani ni utani wake. Nikacheka. Hakucheka, akaendelea kuendesha akiwa amependezwa kabisa.

Halafu kukawa na lile gurudumu la nyuma. Lilianza kutoa mlio wa kusaga, kama kokoto kwenye sufuria. Nilimwambia. Fundi wa kijiweni alimwambia. Alichukua bisibisi yake, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida, akainuka akasema, "Tabia." Neno la Bwana Shamba halikuwa na rufaa, basi nikaendelea kupanda.

Kisha ikawa ni yeye. Unamwamkia, "Shikamoo Bwana Shamba," anapita. Kanisani wimbo unaisha, yeye anaendelea na ubeti peke yake, macho juu, mpaka mtu amguse bega. Asubuhi moja nilimwambia kwamba jirani yetu wa duka la kona amefiwa na kaka yake. Akatabasamu kwa upole, akasema, "Tumshukuru Mungu, ni jambo jema." Muuza duka mwenyewe alikuwa amesimama pale. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kilichommaliza ni ile tabia ya swichi. Alirudi kutoka sokoni, akazima swichi, akashuka, akaingia ndani. Pikipiki ikabaki uani inanguruma. Sisi tukatazamana. Nilienda nikagonga mlango, hakuitika. Nikachungulia, amelala kwenye kochi, mikono kifuani. Iliendelea kunguruma hadi petroli ikaisha yenyewe. Mwanamume aliyekuwa anaijua pikipiki hiyo kuliko kiganja chake, ameisahau ikiwaka! Majirani walitikisa vichwa. "Mzee ameanza kupotea," wakasema. Usiniulize kwa nini hakuna aliyefikiria masikio. Nani angelishuku sikio la mtu anayesikiliza karanga?

Nilimpigia simu binti yake mkubwa, Yunisi, anayekaa na mumewe Mwanza. Alikuja kwa basi akiwa amekonda kwa wasiwasi. Alikaa kwa baba yake juma zima, akimwangalia. Alimuuliza habari za marehemu mama yao, naye akatikisa kichwa na kusema, "Naam, naam," akaendelea kunywa chai. Siku hiyo Yunisi alikuja kwangu akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Dada," akasema, "siwezi kumwacha. Nitamchukua. Pikipiki tutaiuza kwa wakata vyuma, na shamba tutampa mtu alime."

"Mlali ndiyo inayomweka hai, mdogo wangu."

"Mlali itamuua. Akianguka njiani na pikipiki ile, nitamlaumu nani? Nitajilaumu mimi."

Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliona kabisa jinsi atakavyokaa Mwanza kwenye veranda ya watu, hana mbuzi wa kuwachukia, hana kitu cha kukiinamia na kukisikiliza. Nilimwomba Yunisi jambo moja tu: karanga zilikuwa zimekaribia kuvunwa, baba yake anipeleke mara ya mwisho, aliage shamba lake. Alikataa. Nikamwambia tutakwenda mchana kweupe, polepole, na mimi ndiye nitakayebeba lawama. Akalia kidogo, akakubali.

Tulifika Mlali jua limeshapanda. Gurudumu lilisaga njia nzima, na mimi niliomba njia nzima. Kwenye shamba lake wanawake wawili tunaolima nao jirani walikuwa wanangoja na majembe, maana Bwana Shamba hajasema. Alichuma karanga, akaitikisa sikioni. Akakunja uso. Akaitupa. Akachuma nyingine mstari wa pili, akatikisa, akatupa. Akaenda mpaka mwisho wa shamba akichuma na kutupa, na mgongo wake ulizidi kuinama. Alirudi kwetu akakaa chini kwenye udongo.

"Zote tupu," akasema. "Majani yamekauka, na hakuna punje inayocheza. Mwaka huu Mungu ametunyima hata karanga." Na nikaona machozi. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mkewe alishughulika na turubai.

Nilikuwa na moja ya zile alizotupa, ipo miguuni pangu. Niliiokota nikaibonyeza. Ndani mna punje mbili, nyekundu, zimejaa, zimekauka vizuri. Nikaokota nyingine, hii sikuipasua. Niliitikisa nikiwa nimesimama tu, wala sikuinua mkono, na niliisikia. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu naye aliisikia.

Nilizunguka nikasimama nyuma ya Bwana Shamba. Nikapiga makofi. Hakugeuka. Nikaita, "Bwana Shamba!" kwa sauti ya kufukuza ndege mashambani. Alikuwa anachora udongo kwa kijiti.

Nikaanza kucheka. Wale wanawake walidhani nami nimepotea. Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika uso kwa mikono miwili, jambo ambalo mtu hamfanyii mkubwa wake, nikageuza kichwa chake upande wa jua, nikatazama sikioni. Palikuwa na kitu cheusi, kimejaa kama tope kwenye bomba, na unyuzi wa pamba ukichungulia.

Zahanati haikuwa mbali; tulimpeleka huku tukiisukuma pikipiki. Mganga aliangalia kwa tochi akasema, "Lo!" Kisha akaleta maji ya uvuguvugu na bomba la sindano lisilo na sindano, mimi nikashika bakuli chini ya shavu. Yale mafuta ya alizeti yalikuwa yamelainisha kazi yenyewe, basi haikuchukua muda. Kikatoka kipande, kikatoka kingine: nta na pamba na vumbi la Kongwa la miaka, vimeshonana. Nilikuwa nikitazama uso wake. Sikio la pili lilipofunguka alishtuka, akashika ukingo wa kitanda, akatazama dirishani.

"Kuna jogoo," akasema.

Kulikuwa na jogoo kweli, uani kwa mganga, na alikuwa hodari wa kuwika. Bwana Shamba alimsikiliza mpaka akamaliza. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Neema, mlikuwa mnadhani mimi nimekuwaje?"

"Tulidhani kichwa, Bwana Shamba."

"Mimi pia," akasema. "Nilidhani ndivyo inavyoanza. Watu wanakuwa mbali, dunia inatulia. Niliona haya kuuliza."

Hapo ndipo nilipojua alikuwa ameogopa peke yake muda wote ule, upande wa pili tu wa ukuta wangu, na kicheko kikaniishia.

Tulitoka nje. Aliinamisha pikipiki, ikanywa, akakanyaga kiki, ikawaka. Akaruka nyuma hatua mbili kama mtu aliyeona nyoka.

"Nini hiki?"

"Ni pikipiki yako, Bwana Shamba. Ile iliyotulia."

Aliisukuma mbele kidogo, gurudumu la nyuma likasaga. Aliinama akalisikiliza bila hata bisibisi. Alipoinuka rangi ilikuwa imemtoka. "Na mimi nimekupakia wewe kwenye kitu hiki? Huu ni ugonjwa! Nani alisema ni tabia?"

"Ni wewe."

"Na wewe ukakubali?" akaniambia kwa ukali, na nilifurahi kugombezwa kama sijawahi kufurahi kusifiwa.

Hakuna aliyepanda tena pikipiki ile siku hiyo. Tulipata lifti ya Fuso iliyokuwa inapeleka alizeti mjini, tukaipandisha pikipiki juu ya magunia. Baadaye fundi wa kijiweni alipofungua gurudumu, beringi ilitoka vipande vipande mikononi mwake, akatutazama wote wawili akatikisa kichwa. Safari moja nyingine, akasema, na gurudumu lingefunga.

Tulifika Chang'ombe jua halijazama. Yunisi alikuwa uani, ametandika mkeka, anakunja mashati ya baba yake na kuyapanga kwenye begi, ametupa mgongo. Aliona kivuli changu tu.

"Dada, mmerudi salama?" aliuliza bila kugeuka, kwa sauti ya chini ya mtu aliyelia. "Hajakusumbua njiani?"

"Sijamsumbua," baba yake akajibu kutoka getini. "Pikipiki ndiyo imemsumbua. Na wewe mbona unanong'ona, mwanangu?"

Shati lilimdondoka Yunisi. Aligeuka polepole, akasema kwa sauti ileile ya chini, kama anayejaribu maji kwa kidole, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hayo mashati yarudishe kabatini. Mimi nina tabia zangu, mtazivumilia. Ugonjwa ulikuwa kwingine."

Niliwaacha hapo, maana Yunisi alikuwa amemkumbatia shingoni na kulia kwa namna ambayo haihitaji jirani. Kesho yake asubuhi niliketi kwenye cherehani yangu. Uani palikuwa na kopo la samaki peke yake, pikipiki iko kwa fundi, na nguo zilikuwa kwenye kamba bila hofu. Nilikanyaga pedali, nikashona pindo la kwanza, nikaanza la pili. Ukuta ukagongwa.

"Mama Neema! Inapiga chuma hiyo. Tia mafuta."

Niliweka mikono yangu juu ya mashine, kwa sababu macho yalikuwa hayaoni sindano. Kisha nikainuka nikachukua kikopo, nikatia mafuta.